Mikono Inakaza, Moyo Unalegea: Kisa cha Mama Lishe wa Mbagala

Mashine ya kupimia presha wodini kwetu ilikuwa imeishiwa betri. Naanzia hapo kwa sababu isingeishiwa, huenda nisingekuwa na kisa cha kuandika. Sista wa zamu akatoa kabatini kile kipimo cha zamani, cha mpira na pampu ya mkono, akamfunga mama aliyelazwa kitanda cha dirishani. Akajaza upepo, akaweka stethoskopu, hakusikia kitu. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa na kila kitanda kina ukoo wake. Akajaza tena, akaushikilia mpira pale juu huku akiwaomba watu wapunguze sauti. Kisha akaniita.

"Dokta, hebu njoo uone mkono wa huyu mama."

Kidole gumba kilikuwa kimelala ndani ya kiganja. Vidole vinne vimenyooka, vimebanana, vimeinamia kiganjani, na kifundo cha mkono kimejikunja. Mkunga yeyote anaujua mkao huo, ndivyo unavyoukusanya mkono ili upite mahali pembamba. Mwenye mkono wala hakushtuka.

"Hiyo huwa inanijia tu," akasema. "Hata nikisonga ugali. Mwanangu ndiye huwa ananibandua mwiko."

Ilikuwa siku yake ya tatu wodini. Faili lilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: moyo umeshindwa kufanya kazi, yaelekea kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu. Nimebadilisha baadhi ya maelezo yake ili asitambulike, na hospitali siitaji. Kosa nitakalolieleza lilikuwa langu kabla ya kuwa la mwingine yeyote.

Faili lilivyosema

Mama huyu ana miaka 52, mama lishe, anaishi Mbagala. Miezi minne kabla ya kuja alianza kuhema akibeba ndoo kutoka bombani. Mwanzo alipumzika mara moja njiani, baadaye mara tatu, mwishowe akawa anamtuma mwanawe. Usiku alilalia mito miwili, kisha mitatu, kisha akaacha kitanda na kulala kwenye kiti. Miguu ilivimba hadi ukanda wa kandambili ukawa unaacha mfereji. Jirani akamshauri anunue Lasix duka la dawa. Akanunua, akakojoa sana, akapata nafuu wiki mbili, kisha akawa hoi kuliko mwanzo.

Dawa nyingine alizotaja ni za presha, anazomeza siku akiumwa kichwa, na omeprazoli ya "vidonda vya tumbo" anayoitumia karibu kila siku kwa mwaka wa pili sasa. Hilo la omeprazoli niliandika na kupita.

Alipofika presha ilikuwa 98 kwa 62, mapigo 88. Eksirei ilionyesha moyo mkubwa na mapafu yenye maji. Kwenye eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimepanuka, na kila pigo kilisukuma asilimia 24 tu ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya husukuma 55 au zaidi. Valvu zilikuwa nzima. Virusi vya Ukimwi hakuna, sukari sawa, kreatinini, kipimo cha figo, sawa. Kwa mtu wa umri wake hapa kwetu, aliyewahi kuambiwa ana presha, ukishaondoa hayo yote unaandika "shinikizo la damu" bila kusita, na mara nyingi unakuwa umepatia. Tukampa furosemaidi ya mshipa, ndiyo hiyohiyo Lasix, enalaprili kidogo na spironolaktoni. Kwa kuwa alikuwa na kikohozi na joto dogo, akaanzishiwa na antibiotiki ya seftraiaksoni, maana wodini dawa hiyo haimpiti mtu.

Kalsiamu hatukupima. Karatasi ya vipimo vya figo na chumvi inarudi na sodiamu, potasiamu, yurea na kreatinini. Kalsiamu lazima uiombe peke yake, na huiombi usipoiwaza.

Baada ya kuuona ule mkono nilirudi kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika chini yake "mapigo ya kawaida, hakuna dalili ya mshtuko wa moyo". Niliangalia kama mstari umenyanyuka, nikakuta umelala, nikaridhika. Sasa nikahesabu miraba. Kutoka mwanzo wa wimbi la kubana hadi mwisho wa wimbi la kulegea kulikuwa na miraba midogo 12, yaani sekunde 0.48. Ukirekebisha kwa kasi ya mapigo yake unapata kama sekunde 0.58, na kwa mwanamke ukivuka 0.46 unaanza kuwa na wasiwasi. Zaidi ya hapo, wimbi la kulegea lenyewe lilikuwa na umbo lake la kawaida. Kilichorefuka ni ule mstari bapa unaolitangulia, kama mtu kauvuta. Mrefuko wa namna hiyo una wahusika wachache sana, na wa kwanza wao ni kalsiamu iliyoshuka.

Rovu

"Shikamoo mama. Samahani, naomba utoe mtandio kidogo."

Chini ya shingo, ndani kabisa ya mkunjo wa ngozi, kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Siku ya kwanza nilikuwa nimeangalia shingo hiyohiyo nikitafuta mshipa uliovimba, nikauona, nikafurahi kwamba utambuzi wangu una ushahidi. Kovu nililichukulia kuwa mkunjo.

"Hapa ulipasuliwa?"

"Ah, rovu hilo. Lilitolewa zamani, kule nyumbani Njombe. Inafika miaka kumi na moja."

Kwenye fomu ya kumpokea, penye swali la upasuaji, tuliandika "hakuna". Nilimuuliza mwenyewe kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto, kwamba aliulizwa kama amewahi kufanyiwa operesheni, naye watoto wake wote wanne aliwazaa kwa njia ya kawaida. Kwake operesheni ni ya uzazi. Rovu halikufanyiwa operesheni, lilitolewa. Tangu siku hiyo nauliza kwa maneno mengine: "Kuna mahali popote mwilini umewahi kukatwa na kushonwa?"

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya rovu, kwa sababu udongo wa milimani una madini joto kidogo. Utiaji wa madini joto kwenye chumvi ulioanza miaka ya 1990 ulipunguza tatizo sana, lakini wapo wengi waliokulia kabla yake na kuja mjini wakiwa na uvimbe au na kovu lake. Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba na kuwa rovu, kumejificha vitezi vinne vya parathairoidi, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yake haihusiani kabisa na rovu. Vinatoa homoni inayolinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Daktari wa upasuaji anaweza kuviondoa bila kujua, au kuviacha mahali pake lakini mshipa wa damu unaovilisha ukawa umekatika. Hutokea hata katika mikono mizuri.

Baada ya upasuaji alipewa "vidonge vya chokaa", kama anavyoviita mwenyewe. Alivimeza miezi kadhaa, akahamia Dar, vikaisha, na kwa kuwa hakuumwa hakununua vingine. Miaka iliyofuata alipata ganzi kuzunguka midomo, akaambiwa ni upungufu wa vitamini. Alianza kuona ukungu, akaambiwa ana mtoto wa jicho, mapema kidogo kwa umri wake. Mtoto wa jicho naye ni mmoja wa watu wanaokuja kalsiamu ikikaa chini kwa miaka. Kila kituo alichopita kilishika kipande kimoja cha habari hii, nasi tulishika cha mwisho.

Majibu ya maabara yalirudi jioni. Kalsiamu 1.32, wakati inapaswa kuwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita. Tukirekebisha kwa sababu albumini yake, protini ya damu inayobeba kalsiamu, ilikuwa imeshuka hadi gramu 34, inapanda hadi 1.44 tu. Fosfeti juu, magnesiamu chini. Figo zingekuwa mbovu tungesema ndizo zilizofanya hivyo, ila zilikuwa nzima. Homoni ya parathairoidi ilichukua siku sita kurudi, ikaja na namba ndogo mahali ambapo kwa kalsiamu ya namna ile ilipaswa kuwa inapiga kelele.

Konda, bodi na dereva

Hapa ndipo kisa kilipoanza kuninyima usingizi. Mikono ya mama huyu inakaza hadi mwiko unabanduliwa. Moyo wake umelegea hadi haumudu kusukuma robo ya damu iliyomo. Msuli na msuli, upungufu ni uleule mmoja. Inakuwaje huku ukaze na kule ulegee?

Tuanze na moyo. Daladala limesimama kituoni, injini inanguruma, abiria wamejaa hadi mlangoni. Haliondoki. Dereva anasubiri konda apige bodi kwa kiganja, mara mbili. Kishindo kile hakina nguvu ya kusukuma hata baiskeli, lakini bila hicho gari zima linabaki palepale. Seli ya msuli wa moyo ni hivyohivyo. Umeme wa moyo ukipita, milango midogo kwenye utando wa seli hufunguka na kalsiamu kidogo huingia kutoka nje. Kidogo hicho hakitoshi kukaza msuli. Kazi yake ni kupiga bodi. Kinaigonga milango mingine, ya rayanodini, iliyo kwenye ghala la kalsiamu ndani ya seli, na ghala linamwaga. Sasa kalsiamu inakuwa ya kutosha kushika protini iitwayo troponini, nyuzi za msuli zinavutana, moyo unabana.

Kubana kukishapita, kalsiamu lazima iondoke mara moja, la sivyo moyo hautalegea kujaza damu ya pigo linalofuata. Pampu iitwayo SERCA inairudisha sehemu kubwa ghalani kwa kutumia nishati, na iliyobaki inatolewa nje ya seli kwa kubadilishana na sodiamu, kalsiamu moja inatoka na sodiamu tatu zinaingia. Hesabu ya nyumba hii ni ya ajabu. Kalsiamu huru iliyo nje ya seli ni takriban mara elfu kumi ya ile iliyo ndani moyo ukiwa umepumzika. Ndani inapanda kama mara kumi kwa kila pigo, kisha inashushwa tena, na hayo yanafanyika mara laki moja hivi kwa siku.

Sasa punguza kalsiamu ya nje. Anayeingia kupiga bodi anapiga kinyonge, ghala linamwaga kidogo, na kwa kuwa ghala hujazwa na hichohicho kinachoingia, siku hadi siku nalo linapungukiwa. Msuli mzima, nyuzi nzima, mishipa haijaziba, lakini amri haifiki. Hata ECG inaeleza jambo hilohilo. Milango ile midogo hujifunga mapema kutokana na kalsiamu inayoingia. Ikiingia kidogo, inachelewa kujifunga, na ule mstari bapa unarefuka. Urefu huo una hatari yake, maana mapigo yanaweza kupoteza mpangilio ghafla na mtu akaanguka.

Mkononi mambo ni tofauti. Katika misuli ya mifupa mlango wa nje na mlango wa ghala vimeshikana, kama dereva na konda waliofungwa kamba moja. Umeme ukifika, ghala linafunguka bila kungoja kitu kiingie kutoka nje. Kwa hiyo upungufu haulegezi mkono. Kinachoharibika ni mshipa wa fahamu unaouamuru. Kalsiamu iliyo nje ya mshipa wa fahamu huizuia milango ya sodiamu isifunguke ovyo. Ikipungua, mshipa unakuwa na kiherehere, unafyatuka wenyewe, na msuli unatii kila amri hata isiyo na maana. Mpira wa presha ukikaa umebana dakika tatu hivi na kuunyima mshipa damu, kiherehere kinazidi na mkono unajikunja. Daktari wa Paris wa karne ya 19, Armand Trousseau, ndiye aliyeipa dalili hii jina lake. Mashine ya betri hujaza na kuachia upesi, haikupi nafasi ya kuiona.

Ukweli huu kwamba moyo unaitegemea kalsiamu ya nje uligunduliwa kwa bahati, mapema miaka ya 1880, London. Sydney Ringer alikuwa anaudundisha moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi, ukidunda vizuri. Baadaye ikabainika kwamba msaidizi wake alitengeneza maji hayo kwa maji ya bomba. Walipotumia maji yaliyochujwa kwa kuchemshwa na kuvukizwa, yasiyo na madini, moyo ulififia na kusimama. Tofauti ilikuwa kalsiamu iliyokuwa kwenye maji ya bomba. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima hapa Dar ameuona ule ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria, na sehemu kubwa yake ni kalsiamu hiyohiyo. Ringer aliandika matokeo yake 1883, na dripu za Ringer tunazotundika hadi leo zina kalsiamu ndani.

Ngalawa

Turudi wodini, kwenye sehemu nisiyopenda kuiandika.

Furosemaidi hufanya kazi kwa kuizuia figo isirudishe chumvi mwilini. Chumvi inapotoka inavuta maji, ndiyo nafuu yake. Lakini pamoja na sodiamu inaondoka kalsiamu na magnesiamu. Mtu mwenye parathairoidi nzima hana shida, homoni yake inairudisha kalsiamu inayopotea. Mama huyu hakuwa na wa kumrudishia. Vidonge alivyonunua Mbagala vilimtoa maji mapafuni wiki mbili na kumshusha kalsiamu kwa miezi iliyofuata. Tulipompokea tukampa ileile, kwa mshipa, kwa dozi kubwa. Tulikuwa tunafua maji ndani ya ngalawa huku tukiing'oa kalafati.

Na omeprazoli ile niliyoiandika na kupita? Ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2011. Magnesiamu ikishuka sana, vitezi vya parathairoidi hukataa kutoa homoni hata kama ni vizima. Nadhani mama huyu alibakiwa na kipande cha kitezi kilichokuwa kinamvusha kwa shida miaka yote ile. Omeprazoli ikakidhoofisha, Lasix ikamalizia. Siwezi kuthibitisha, kwa sababu hakuna aliyepima kalsiamu yake kabla, lakini mpangilio wa miezi unalingana.

Usiku ule mwenzangu alipendekeza digoksini, moyo ukiwa dhaifu kiasi kile. Nilimwelewa. Dawa hii iliyotokana na mmea ambao William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785 huongeza nguvu ya moyo kwa njia ya kuzunguka. Inazuia pampu ya sodiamu na potasiamu, sodiamu inarundikana ndani, ule ubadilishanaji wa kutoa kalsiamu unapungua kasi, na ghala linajaa. Lakini utajaza ghala kwa kalsiamu ipi? Kwa mtu kama huyu digoksini haifanyi kazi inayotakiwa hadi kalsiamu irudi, na ukishaitoa halafu ukamtundikia kalsiamu ya mshipa unajitafutia mapigo mabaya. Tukaiacha.

Trei ya wodi ya wazazi

Kalsiamu glukoneti, ile kalsiamu ya kupitisha mshipani, haikuwepo kwenye kabati letu. Sista ndiye aliyekumbuka: wodi ya wazazi. Kule magnesiamu salfeti haikosekani kwa ajili ya kifafa cha mimba, na pembeni yake kwenye trei ileile hukaa kalsiamu glukoneti, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mama aliyezidishiwa magnesiamu. Mgonjwa wetu alihitaji zote mbili. Sijawahi kuona trei moja ikiwa imeandaliwa vizuri hivyo kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemtarajia.

Tulimpa ampuli mbili za mililita 10, zenye asilimia 10, zikiwa zimeyeyushwa kwenye dekstrosi, taratibu kwa dakika 20, macho yote kwenye skrini ya mapigo. Kanula tuliweka kwenye mshipa mkubwa, maana kalsiamu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Seftraiaksoni tuliisimamisha. Ikikutana na kalsiamu kwenye mpira mmoja hugandamana kuwa chembechembe, na isitoshe hakukuwa na nimonia.

Kisha ikaja dripu ya saa 24, na hapo tulibishana. Kawaida unachanganya ampuli kumi ndani ya lita moja. Mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji unamwekea lita? Tulikubaliana iende polepole, kupima kalsiamu kila baada ya saa sita, na furosemaidi iendelee kwa dozi ndogo. Wapo waliotaka ikatwe palepale, na kwa nadharia walikuwa sahihi, lakini nadharia hailali imekaa kwenye kiti. Tuliipunguza kila siku, tukaifuta siku ya nane.

Magnesiamu ilitangulia kupanda. Kalsiamu ilikuwa imegoma saa kumi na mbili za kwanza, na baada ya magnesiamu ndipo iliposogea. Siku ya pili ganzi ya midomo ilitoka. Siku ya nne alisogeza kidole gumba mbele yangu mara kumi, kama anayehesabu pesa. Wiki ilipoisha ule urefu wa ECG ulikuwa umerudi sekunde 0.45.

Dawa za nyumbani zilikuwa kalsiamu kabonati pamoja na chakula, na kalsitrioli. Ndugu zake waliuliza kwa nini asipewe vitamini D ya kawaida, iliyo rahisi kupatikana. Ni kwa sababu vitamini D ya kawaida lazima ikamilishwe na figo, na anayeiamuru figo kufanya hivyo ni ile homoni asiyokuwa nayo. Kalsitrioli imeshakamilishwa. Lengo letu ni kalsiamu ikae upande wa chini wa kawaida, si katikati, kwa sababu bila homoni hiyo figo huvujisha kalsiamu kwenye mkojo, na ukiipandisha sana unamtengenezea mawe. Omeprazoli tuliiondoa. Tumbo lilimsumbua wiki mbili, kisha likanyamaza. Dagaa anaowapika kila siku nilimwambia awale na mifupa yake, akacheka, akasema yeye ndiye anayewauzia watu.

Wenye moyo mkubwa wa kawaida

Nikisimulia kisa hiki, swali la kwanza huwa: basi mimi mwenye moyo mkubwa ninunue kalsiamu? Hapana. Kwa wagonjwa wengi wa moyo kushindwa, kalsiamu ya damu ni ya kawaida na kuiongeza hakusaidii. Kwao ubovu uko ndani ya seli. Pampu ya SERCA inapungua, milango ya rayanodini inavuja hata moyo ukiwa umepumzika, ghala halijai. Wataalamu walijaribu kuingiza jeni ya SERCA moyoni kwa kutumia kirusi kisicho na madhara, katika utafiti wa wagonjwa 250 uliochapishwa mwaka 2016, na haikuwasaidia. Dawa tulizonazo zinawasaidia kwa njia nyingine, na hizo ndizo za kumeza bila kuruka.

Swali la pili linatoka kwa wanaotumia amlodipini au nifedipini, dawa za presha. Wamesikia kwamba ni dawa za kuzuia kalsiamu, wakaacha maziwa. Dawa hizo hufunga ile milango midogo, hasa kwenye kuta za mishipa ya damu, ili mishipa ilegee. Hazishushi kalsiamu ya damu wala hazigombani na maziwa. Kunywa.

Halafu kuna milango ya rayanodini iliyozaliwa na hitilafu. Tangu 2001 inajulikana kwamba mabadiliko kwenye jeni yake humfanya mtoto mwenye moyo mzima kabisa kwa eko, na ECG safi akiwa ametulia, aanguke anapokimbia au kushtuliwa. Mtoto anayezimia uwanjani katikati ya mchezo apelekwe kwa wataalamu wa moyo, pale Muhimbili au kwingine, kabla ya kuambiwa ana kifafa.

Mwezi wa tano

Wiki ya sita moyo wake ulisukuma asilimia 41. Mwezi wa tano, 54. Mtaalamu wa eko aliuliza kama nina uhakika ni mtu yuleyule.

Alikuja kliniki siku hiyo kutoka Mbagala kwa daladala, amesimama njia nzima, na chupa ya chai ya kumpa Sista. Mashine ya betri ilikuwa inafanya kazi, lakini nilikitoa kile cha zamani. Nikamfunga mpira, nikajaza upepo juu ya presha yake, nikauacha. Tukaongea bei ya mchele, na gesi, na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Mkono ulikuwa umelala juu ya meza, kiganja juu, vidole vimeachana.

"Dokta," akasema, "umesahau kuufungua?"